Chumba Kilichokwenda Upande

Nilikabidhi funguo za stoo ya gereji siku ya Ijumaa. Jumatatu yake nikaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikavaa ovaroli, nikanywa chai, ndipo mke wangu akaniuliza naenda wapi. Nikabaki nimeketi uani na ovaroli yangu, nikaona heri niandike. Ninyi mliobaki pale Karatu mmenisikia nikisimulia haya vipande vipande wakati wa chai, na kila mara mtu anaita fundi kabla sijafika mwisho. Sasa hakuna wa kuniita. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilipata vyeo viwili, na cha pili hakikuwa na hata kiti.

Nilifika gereji nikitokea kwa fundi seremala kwetu Endabash kwa Wambulu, nikijua randa na msumeno na si zaidi. Wakanipeleka idara ya bodi kwa Mzee Njiku. Huyu alikuwa Mnyaturu wa Singida aliyekuja zamani kufanya kibarua kwenye shamba la kahawa, akajifunza ufundi kwa kutengeneza trekta ambalo mwenye shamba alishalikatia tamaa. Alikuwa mfupi, mkimya, na futi ya kupimia aliivaa shingoni kama fundi cherehani. Kazi yetu ilikuwa kukata paa la gari na kuweka lingine linaloinuka, ili mtalii asimame amwone simba bila simba kumwona vizuri sana.

Siku ya kwanza alinipa futi nipime bati la paa. Futi ile ilikuwa imekatika mwanzoni, inaanzia sentimita ya tatu. Kila mtu pale alijua kwamba unasoma kisha unatoa tatu. Mimi sikuambiwa, na wala sikutazama. Paa likatoka fupi kwa sentimita tatu. Mzee Njiku hakunigombeza. Alisubiri mvua. Mvua ilipokuja, alinikalisha kiti cha katikati cha gari lile, akamwambia dereva atupeleke hadi geti la Ngorongoro na kurudi, yeye akakaa mbele pakavu. Njia nzima maji yalinishukia shingoni kama niko bombani. Tuliporudi aliniuliza upenyo ule ulikuwa sentimita ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema sasa nimejua kupima, nikabadilishe nguo.

Miaka ile ya mwanzo kesi zetu nyingi zilikuwa za mapaa, na wakaguzi wetu wakali walikuwa nyani. Paa lisilofunga vizuri mtalii hulivumilia, nyani halivumilii. Mara moja nilifunga komeo kwa haraka kwa sababu mteja alikuwa amesimama mgongoni kwangu akitazama saa. Kesho yake pale getini, dereva alipokwenda kushughulikia vibali, nyani dume aliinua paa, akaingia, akafungua maboksi sita ya chakula moja baada ya jingine, akachagua mayai, kisha akaketi kwenye kiti cha dereva na kuegemea honi. Dereva aliporudi mbio watalii walikuwa wanapiga picha kwa furaha, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Gari lilirudi kwangu na maganda ya mayai ndani ya spika. Tangu hapo mteja akisimama mgongoni kwangu humwomba akanywe soda ng'ambo ya barabara.

Mzee Njiku alistaafu akarudi Singida kufuga kuku, nami nikabaki na idara. Nilidhani nimeshaona kila kitu kinachofunguka na kufungwa kwenye gari. Kisha asubuhi moja ya kiangazi nikapigiwa simu na Paskalina.

Paskalina ni binti wa kwetu, dereva na mwongoza watalii, ambaye paa la gari lake nililitengeneza mwenyewe na halijawahi kuingiza nyani. Alikuwa Engaresero, kwenye kambi ya mahema karibu na Ziwa Natron. Alizungumza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Shikamoo baba. Kuna mzungu amefungiwa chooni na chumba cha kulala."

Nilimwomba arudie. Akarudia vilevile.

Alinieleza kwamba pale kambini palikuwa na lori kubwa lililojengewa nyumba mgongoni, lenye jiko, kitanda, na choo cha ndani. Upande mmoja wa nyumba hiyo ulikuwa unatoka nje kama droo ya kabati. Unabonyeza swichi, mota inasukuma, chumba kizima cha kulala kinatokeza ukutani na nyumba inaongezeka upana. Ukitaka kusafiri unabonyeza tena, kinarudi ndani. Wenye lori walikuwa mume na mke wazee, Bwana Willem na Mama Greet. Asubuhi ile, saa mbili, Willem akiwa chooni, Greet alibonyeza swichi kurudisha chumba. Ncha ya nyuma ikaja, ya mbele ikabaki. Chumba kikageuka kikakaa upande, na kona ya kabati la nguo ikasimama mbele ya mlango wa choo, ambao hufunguka kwa nje. Willem alikuwa na miaka sabini na moja. Dirisha la choo lilipitisha mkono na chapati iliyokunjwa, si zaidi.

Niliuliza kwa nini wasivunje mlango. Paskalina akasema Willem amekataa. Lori lile alilijenga kwa mikono yake kwa miaka sita, na alikuwa anakemea kutoka ndani kila aliyegusa mlango.

Nikapakia jeki mbili, mbao, spana, nyundo ya mpira, pima maji ya kupimia usawa, na grenda ya betri ya kukatia mlango, endapo mzungu atabadili mawazo. Kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero barabara ile imekunjamana kama bati la paa. Gari linatetemeka mpaka unasahau umri wako. Nilipokuwa nusu ya njia nilishaelewa kilicholipata lori: bolti yoyote ambayo haikukazwa na mtu mwenye hasira ilikuwa imelegea.

Nilifika saa nane. Joto la kule mnalijua, hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Paskalina alikuwa amewapanga vijana wa kambi wakiumwagia maji ukuta wa choo kwa ndoo. Chini ya dirisha la choo palikuwa na kiti, na juu ya kiti amesimama Mama Greet, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, ameshika chupa ya maji. Nyuma yake walikuwa wamekaa akina mama wa Kimaasai na shanga zao, wakitazama. Mbele yao alikuwa bibi mmoja ambaye wote walimwita koko, yaani bibi kwa lugha yao. Nilimwamkia takwenya, akaitikia iko, kisha akaniambia kwa Kiswahili nifanye upesi. Mama yule mzungu alikuwa ameshachagua bangili nne kabla ya mambo kuharibika, na tangu hapo hajazitazama tena.

Nilijitambulisha kwa Willem kupitia dirishani. Uso wake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Kiingereza changu ni cha gereji: najua bolti, spana, na samahani. Paskalina akawa anatafsiri. Willem alinishukuru kwa kuja, akaniuliza nimeshatengeneza vyumba vingapi vya aina ile. Nikamwambia Paskalina ajibu kwamba nimetengeneza mapaa mengi. Kisha akaanza kunipa maelekezo kwa milimita.

Niliingia chini ya lori nikaona mpango wenyewe. Chumba kilikaa juu ya reli mbili, moja mbele, moja nyuma. Kila reli ilikuwa na meno, na kila upande ulikuwa na giya inayotembea juu ya meno hayo. Giya zote mbili ziliungwa na mhimili mmoja ili zitembee pamoja, kama ng'ombe wawili kwenye nira. Giya ya mbele ilikuwa imelegea kwenye bolti zake na kuruka meno mawili. Ng'ombe mmoja alikuwa ametangulia, mwingine anavutwa shingo.

Nilifurahi, kwa sababu kosa ninalolijua si kosa tena. Nikaachia breki ya mota, nikachomeka mpini wa kuzungushia kwa mkono, nikavuta. Hakikusogea. Nikalegeza bolti za mbele, nikavuta tena, hakikusogea. Nikagonga kwa nyundo ya mpira, na Willem akauliza kutoka ndani ninagonga nini. Nikapima upenyo kati ya chumba na ukuta, juu na chini, mbele na nyuma, nikaandika mkononi kwa kalamu. Nikapima tena, namba zikawa nyingine. Nikadhani ni jasho langu. Nikapima mara ya tatu, zikawa nyingine tena. Kijana mmoja wa kambi alikuwa amepanda nyuma kuchukua ndoo, na lori zima lilikuwa limecheza.

Saa nzima iliondoka hivyo. Maelekezo ya Willem yalikuwa yamepungua. Mwanzoni alitaja milimita, baadaye akawa anasema tu juu au chini, kisha akanyamaza. Mama Greet alishuka kwenye kiti, akaja nilipolala, akaniambia neno moja ambalo sikuhitaji tafsiri. Alikuwa anaonyesha grenda kwa kidole.

Niliitoa. Sauti ya kuijaribu tu ilimwamsha mumewe. Akapiga mlango kwa ngumi, akasema maneno mengi. Paskalina alisikiliza kwanza, kisha akaniambia, "Anasema mlango huo aliuchonga mwenyewe wakati wa baridi kali, na hauna mwenzake. Anasema ataweza kungoja."

Nilitazama mkono wake dirishani. Chupa ya maji aliyopewa ilikuwa inamponyoka. Nikasema, "Mwambie mimi nimetengeneza milango tangu nikiwa kijana. Hakuna hata mmoja utakaonililia nikifa. Saa kumi na moja kamili nakata, apende asipende."

Paskalina akamwambia. Mkono uliingia ndani, nikajua amesikia. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Nilirudi chini ya lori nikiwa na saa moja na robo na mpini usiozunguka, na nawaambieni kweli, nilikuwa sijui pa kuanzia.

Ndipo nikaona miguu ya koko karibu na gurudumu la nyuma. Alikuwa anazunguka lori kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akainama, akanitazama chini kule.

"Wewe Mmbulu, unapigana na mlango. Nyumba yenyewe imelala."

Nikamwambia hii si nyumba, mama, ni gari. Akasema kitu kinacholaliwa na watu ndani yake ni nyumba. Yeye amejenga nyumba kumi na moja kwa mikono yake, na kila mara mlango ulipogoma kosa lilikuwa la ardhi. Akanionyesha gurudumu la nyuma la kushoto. Lilikuwa limekaa kwenye shimo la majivu ya mlima wa volkano, yaliyolowa kwa maji waliyokuwa wakimwaga ukutani tangu asubuhi. Kila ndoo waliyompozea Willem ilikuwa inazamisha gurudumu lake.

Niliona haya mpaka masikioni. Pima maji ilikuwa kwenye boksi langu tangu Karatu, na sikuitoa. Nilikuwa nimepima chumba kama mwanafunzi hodari, sikupima kilichobeba chumba. Lori likikaa upande, fremu inajikunja, na fremu ikijikunja, uwazi ambamo chumba kinapita si mraba tena. Unaweza kuzungusha mpini mpaka mkono ung'oke.

Nikawasimamisha wenye ndoo. Tukaweka ubao mpana shimoni, jeki juu yake, tukainua kidogo kidogo, pima maji ikiwa sakafuni ndani na Paskalina akiisoma mlangoni. Kiputo cha hewa kilipofika katikati, chumba chenyewe kililia, sauti ndefu kama kiti cha kanisani. Willem alizungumza tena kwa mara ya kwanza. Paskalina akasema ameuliza nani amefanya hivyo. Nikamwambia ajibu kwamba ni mhandisi wa hapa.

Nikaweka jeki ya pili na mbao chini ya kona ya nje ya chumba, ili uzito utoke kwenye reli. Nikalegeza tena bolti nne za mbele, nikainua giya kutoka kwenye meno, vijana wawili wakasukuma ncha ya mbele kwa mabega, polepole, mpaka ikahesabu meno mawili. Nikarudisha giya, nikapima. Safari hii namba zilikaa mahali pake. Nikakaza nusu, nikazungusha mpini, na kabati likaanza kuondoka mbele ya mlango wa choo, upana wa kidole, upana wa kiganja. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Willem alitoka akiwa amejifunga taulo kichwani. Mama Greet alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji, macho yamejaa. Willem alimpita. Alishuka ngazi, akanipita na mimi, akalala chali chini ya lori kutazama giya. Tukangoja. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono miwili, kisha akageuka akatazama Oldonyo Lengai, mlima ule unaosimama juu ya Engaresero kama kichuguu cha mchwa wa ajabu. Alisema maneno machache kwa mkewe. Greet akaketi kwenye ngazi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Paskalina akanieleza. Kumbe mzee yule alikuwa amekusudia kuupanda mlima huo, na mkewe alikuwa anamkataza tangu walipotoka kwao, kwa sababu ya moyo. Mpandishaji mlima alikuja asubuhi ile ile kupatana naye, akamngoja nje ya choo nusu saa, akaenda zake. Sasa Willem alikuwa amesema kwamba mlima atauchora tu kutoka pale alipo.

Kazi haikuwa imekwisha, na hapa ninyi vijana msikilize. Mteja akishatoka chooni kila mtu anataka kwenda kunywa chai. Nilitoa chumba nje na kukirudisha mara tatu, na kila mara nilipima upenyo kwa kijiti kimoja kile kile, pembe zote nne. Kisha nikakata kipande cha karatasi, nikakibana kati ya mpira wa kuzibia na ukuta, nikakivuta. Karatasi ikikwama, mpira umekamata. Ikitoka bure, hapo ndipo vumbi na mvua vitaingia. Nilizunguka chumba chote hivyo. Chini upande wa mbele ilitoka bure, nikarekebisha nati ya kizuizi robo mzunguko, ikakwama. Ndipo nikakaza bolti zote, nikazitia alama ya rangi, ili atakayekuja baada yangu aone kama zimesogea.

Tulihitaji mtu wa kuketi ndani chumba kikiwa kinatembea, asikilize kama kinakwaruza. Willem alijiuzulu mapema. Koko akavua viatu vyake vya matairi, akaingia, akaketi kitandani na mapambo yake yote, nikabonyeza swichi. Alitoka nje na kurudi ndani bila kubadilisha uso. Aliposhuka wenzake walimwuliza kwa Kimaasai, naye akawajibu kwa kirefu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilimwomba Paskalina amwulize amesemaje. Alisema nyumba ni nzuri, ila waliojenga walisahau kwamba watu wawili wakigombana mmoja lazima apate pa kutokea. Mama Greet alinunua bangili zote za koko, na sio zake peke yake.

Wengi mnadhani hadithi inaishia hapo, maana ndipo huwa naitwa. Kesho yake asubuhi nilirudi na Paskalina amenifuata nyuma kwa gari lake. Tukasimama njiani injini zipoe. Paskalina akazunguka gari lake mara mbili akikagua matairi yaliyokuwa mazima. Mwishowe akasema kuna jambo ameambiwa na Mama Greet wakati wanapika chai, na hajui aliweke wapi.

Greet alikuwa ameona. Aliona ncha ya nyuma inakuja peke yake, akaona kona ya kabati inaelekea mlango wa choo, na kidole chake kiko kwenye swichi. Angekitoa, chumba kingesimama. Aliwaza kwamba nusu saa tu ingetosha, mpandishaji mlima achoke kungoja aondoke, kisha arudishe chumba. Hakujua giya itaruka. Saa tisa alizosimama kwenye kile kiti na chupa ya maji alikuwa anamwomba Mungu wake asimwue mumewe kwa kumwokoa.

Paskalina aliniuliza kama inabidi mzee yule aambiwe. Nikamwambia kazi yetu ni magari.

Nilipofika gereji nilijaza kadi ya kazi, kama mnavyojaza ninyi kila siku. Nikaandika giya kuruka meno mawili, bolti nne kukazwa, mpira kupimwa kwa karatasi. Chini kabisa kuna mstari wa chanzo cha tatizo, na mkuu wa gereji hapokei kadi ukiuacha mtupu. Nikakaa nao muda mrefu kuliko nilivyokaa na ule mpini. Kisha nikaandika: ardhi haikuwa sawa. Akaisoma, akagonga muhuri.